Mahindi ya Njiwa

Kopo lilikuwa tupu.

Sadiq aliligeuza, akachungulia ndani, akaligeuza tena. Jana alikuwa ameloweka humo mahindi kwa dawa ya panya, akatia na sukari nyingi ili njiwa wayapende. Njiwa hao walimchosha. Tangu mafuriko ya El Nino yapungue, walihamia darini mwa duka lake hapo Garsen, wakachafua magunia ya unga na tangi la maji ya mvua, hata wateja wakaanza kumkwepa. Jioni hii alitaka kuwamaliza.

Akamuuliza mkewe, Bushra, yako wapi mahindi ya koponi.

Bushra akajibu bila wasiwasi kwamba asubuhi alimpelekea jirani yao, Mama Qabale, kwenye bakuli la kijani. Juzi mama huyo aliwaletea maziwa, nao hawakuwa wamempa kitu. Habari ya sumu hakuijua. Sadiq alikuwa amemficha, maana Bushra hakutaka kabisa kusikia njiwa wanauawa.

Bushra alianza kumuuliza mbona mchana hakuja kula, lakini yeye alikwishatoka mbio, ulimi ukihangaika na ganda la mahindi lililomkwama menoni.

Uani kwa Mama Qabale, mjukuu wake Kadra alikuwa amelala mkekani, kafunikwa kanga hadi usoni. Hakutikisika. Sadiq aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akaifunua kanga.

Kadra akafumbua macho, akanuna kwa kuamshwa.

Sadiq akaketi mchangani, machozi yakamtoka. Mama Qabale alipotoka ndani kuuliza kuna nini, Sadiq aliweza kuuliza jambo moja tu: yale mahindi, wameyala?

"Hapana, mwanangu," mama akajibu kwa Kiswahili chake cha kujifunzia sokoni. " Sisi leo nakunywa maziwa tu."

Sadiq akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akaomba apewe mahindi hayo akayamwage.

Mama Qabale akashangaa. "Namwaga nini tena? Mimi napika pure, natia maharagwe. Naweza kurudisha bakuli ya Bushra tupu? Kadra naleta hiyo kwako dukani mchana, wewe nakula huku nauzia watu. Haikuwa tamu?"

Ulimi wa Sadiq ulirudi kwenye lile ganda menoni. Bado lilikuwa na utamu wa sukari.