Insha Isiyotaja Jina

"Picha za faragha za dada yangu zilisambazwa na mtu aliyemwamini," mshindi wa shindano la insha aliwasomea wazazi waliojaa ukumbini.

Insha hiyo ya maadili ya kutumia simu aliwaandikia majaji tu. Kwamba mshindi huwasomea wazazi, aliambiwa akiwa tayari jukwaani. Sentensi hiyo alikusudia kuiruka, lakini ulimi hauna mfupa.

Jina hakuliandika, akadhani amemficha. Ila dada anaye mmoja tu, naye alikuwa safu ya nyuma, ametoka nyumbani kwa mara ya kwanza tangu mkasa ule, aje kumpigia mdogo wake makofi.

Vichwa vikaanza kugeuka.

"Endelea, mwanangu," mwalimu mkuu alinong'ona. "Hapo ndipo ulipowaliza majaji."

Dada alizungusha kifungo cha blauzi yake, akakizungusha tena, mpaka uzi ukakatika, kikamdondokea mapajani.

Kando yake mama, ambaye hakuwa ameambiwa lolote kuhusu picha hizo, alikuwa ameinua simu, akiwarushia shangazi na wajomba fahari yake moja kwa moja mtandaoni. Hakuishusha. Alimgeukia binti yake mkubwa, na simu ikageuka naye.

"Mwanangu," aliuliza, "ni kweli?"