Sahani ya Mzee Kombo

Siku hizo kila aliyepunguzwa tumbo kwa upasuaji hospitalini alirudi nyumbani na sahani inayosema, na sauti yake alijichagulia mwenyewe. Bi Mwanakheri alichagua ya marehemu mumewe, Mzee Kombo, mtu ambaye katika miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kumsifia hata chai.

Mwaka mzima sahani ilimlea. "Samaki kwanza, Mama Salha. Tafuna taratibu. Hapo sawa, hongera." Naye akatafuna, akapungua kilo arobaini, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tano bila kutweta, na kanga iliyokuwa haimtoshi ikamzunguka mara mbili.

Leo ndiyo alikuwa anahitimu mwaka wake wa sahani. Ndugu walijaa sebuleni, sinia la pilau likatengwa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyethubutu kumwambia, "Ongeza, bado hujala." Alijipakulia kipande cha kuku na matonge matatu madogo ya pilau, akala, akaacha.

"Umeweza, mke wangu," sahani ikasema. "Nakuonea fahari."

Vigelegele vikajaa nyumba nzima. Bi Mwanakheri akakaa wima kama bibi harusi.

"Mama, umefaulu!" alisema bintiye Salha, akimkumbatia. "Kesho watu wa hospitali wanakuja kuichukua sahani. Aliyefaulu haihitaji tena."

Bi Mwanakheri aliitazama sahani, tupu na kimya. Kisha, watu wakiwa bado wanamshangilia, akanyoosha mkono kwenye sinia, akamega tonge la nne, kubwa.