Bomba Moja, Mapaa Mawili

Mkono wa Verna ulikuwa kwenye koki. Juu ya paa, vinyunyizio vyake vinne vilizunguka tiki, tiki, tiki, vikilowesha vigae vya mbao. Moto wa msituni ulishavuka kilele cha mlima. Gari lilikuwa linanguruma uani, paka yumo ndani ya boksi.

Tangu aviweke vinyunyizio hivyo paani, jirani yake hakumpumzisha. Kila asubuhi ni hayo hayo: "Vipi jirani, nyumba umeshaiogesha?"

Sasa mzee huyo alikuwa juu ya ngazi, mpira wa bustani mkononi, maji yakimdondokea viatuni. Nyumba zote mbili zilipata maji kwenye bomba moja, na ya mzee ilikuwa ya mwisho, ikipata yaliyobaki tu.

"Ondoka, mzee wangu," Verna alimwambia. "Nyumba iache."

"Mke wangu yumo ndani na mgongo wake ule. Bila machela habebeki. Watu wa ambulensi wanasema wako njiani." Akalitazama paa la Verna linavyometameta, akajaribu kucheka. "Jirani, yako si imeshaoga?"

Koki ilikuwa baridi, imelowa. Kiganja cha Verna kilikataa kuiachia, kikakataa kuizungusha.

Akaizungusha.

Tiki ikachelewa, ikachelewa tena, ikakoma. Kwa jirani mpira ukashtuka, maji yakaruka hadi juu ya dohani.

Cheche ya kwanza ikatua ukingoni mwa paa la Verna, ikalia tsss, ikazima.

Ya pili haikulia.