Chumba Kilichoandikwa Stoo

Siku hizi Makete, kila nyumba hupashwa joto kwa kufuata mchoro wake ulioko kwenye kompyuta ya mji, si kwa kufuata baridi wanayoisikia watu. Atuganile alipoona mama yake anaendelea kutetemeka chini ya mablanketi manne, alikwenda kwa fundi wa michoro.

Fundi aliifungua nyumba yao kwenye kompyuta, akakagua mabomba, kuta na madirisha. Vyote vilikuwa sawa. Kisha akafika chumba cha mama.

"Hiki kimeandikwa stoo, dada. Stoo haipewi joto."

"Nani kaandika?"

Fundi alisoma kwenye kompyuta. "Mumeo. Tangu mwezi wa tano."

Atuganile alimkuta mumewe, Lutengano, sebuleni, kavaa shati jepesi. Hakukana.

"Mfumo uliniuliza chumba kipi kitabaki bila mtu," alisema taratibu. "Mama alikuwa anaumwa sana, mke wangu. Nilikadiria tu kwamba hatapona."

"Na alipopona?"

Lutengano aliangalia chini. "Ukibadilisha, joto la hapa linapungua."

Atuganile alilihamishia godoro la mama pale pale sebuleni. Lutengano alimsaidia kulibeba.

Asubuhi Atuganile alirudi kwa fundi, akamwomba aangalie chumba cha kulala cha yeye na mumewe kimeandikwa watu wangapi: wawili, au mmoja.