Kipindi cha Maigizo

Mtaala mpya ulitaka darasa la nne lifundishwe maigizo, na Mwalimu Chilumba, aliyefundisha hesabu miaka ishirini, ndiye aliyepangiwa kipindi. Akawaambia wanafunzi kila mmoja aigize mtu anayemfahamu vizuri.

Sikudhani, msichana ambaye hakuwahi kusema neno darasani, alisimama wa kwanza. Akachukua fimbo mezani pa mwalimu, akakunja uso, akakohoa mara mbili. Chilumba alikitambua kile kikohozi. Kilikuwa chake.

"Saba mara nane?" msichana akauliza kwa sauti nzito, akisimama mbele ya Mbaruku, mvulana wa dawati la mbele.

Hakuna aliyecheka. Mbaruku aliinuka, macho yakiwa kwenye fimbo.

"Ni maigizo tu, jamani," alisema mwalimu. "Mbaruku, mwanangu, keti."

Mbaruku hakuketi. Alimtazama mwalimu, akamtazama Sikudhani, kisha akanyoosha viganja vyote viwili.

Ukali ukamtoka msichana usoni. "Mwalimu," akauliza kwa sauti yake mwenyewe, "hapa nimpige kweli?"

Nyuma ya Mbaruku, watoto wa safu nzima walikuwa wakiinuka mmoja mmoja, viganja wazi.