Chungu cha Nungunungu na Vidonge vya Kima

Homa ilipowaangusha wanyama, Nungunungu alisifu mizizi yake na Kima akasifu vidonge vyake. Kanga akampa kila mmoja nusu ya wagonjwa, ili ijulikane dawa ipi inaponya.

Siku ya saba wote walikuwa wazima, wanacheza ngoma.

“Mizizi hiyo,” akatamba Nungunungu.

“Mizizi gani, bwana? Vidonge,” akasema Kima.

Panya, mgonjwa wa Nungunungu, akacheka mpaka akakaa chini. “Mzee, si nilikuona ukisaga vidonge vya Kima chunguni mwako?”

“Na mimi Kima alininywesha mizizi juu ya vidonge,” akadakia Kindi.

Kanga akawaka. “Sasa homa ikirudi tutumie ipi? Jaribio linarudiwa, na safari hii mtakaojaribiwa ni nyinyi.”

Wakatimua mbio, kila mmoja amekumbatia dawa ya mwenzake.