Kidole cha Bi Somoe

Usigeuze uso, wewe uliye nyuma yake kwenye foleni. Bi Somoe ameweka kidole kwenye mashine ya dirisha la dawa, naye anataka dawa yake ya sukari tu. Alibangua korosho ujana wake wote, na mafuta makali ya maganda yalikwisha kula alama za vidole vyake.

"Bibi, mashine haikujui," karani anasema.

"Si jana tu uliniamkia, mwanangu?"

"Mimi nakujua. Yenyewe ndiyo haitaki. Atafutwe mtu akuwekee kidole, akudhamini."

Bi Somoe anageuka. Vichwa vyote vimeinamia simu. Anakipangusa kidole kwenye kanga, anakirudisha kwenye kioo cha mashine, anakiacha pale, kama apigaye hodi nyumba isiyo na watu.

Toka kwenye foleni. Weka chako. Sasa hivi!